Hoja Hii Ina Tundu Wapi?

Kama kalamu na karatasi viko karibu, vichukue. Kama uko barabarani au jikoni, tega sikio tu, maana kazi ninayotaka tuifanye leo inafanyika kichwani.

Nitakusomea hoja fupi, kisha nitakuuliza swali. Hoja yenyewe ni hii. Manispaa moja iliweka taa katika barabara ya sokoni. Katika miezi sita iliyofuata, wizi wa usiku kwenye barabara hiyo ukapungua kwa nusu. Kwa hiyo, anasema msemaji, taa ndizo zilizopunguza wizi.

Swali: katika taarifa tano nitakazokutajia, ni ipi inayoidhoofisha hoja hiyo kuliko nyingine zote? Herufi A: taa hizo huzimika kila umeme unapokatika. Herufi B: wafanyabiashara wengi wa sokoni wanasema wamezipenda taa hizo. Herufi C: wiki ileile taa zilipowashwa, polisi walianza doria ya usiku katika barabara hiyo. Herufi D: wizi wa mchana katika barabara hiyo haukupungua. Herufi E: miji mingine imeweka taa bila kuchunguza kama wizi umepungua.

Narudia kwa ufupi: A, taa huzimika, B, wafanyabiashara wamezipenda, C, doria ya polisi, D, wizi wa mchana uko palepale, E, miji mingine haikuchunguza. Chagua moja tu, na uwe na sababu.

Wengi hukimbilia A. Inasikika kama lawama juu ya taa, na kwa kuwa msemaji anazisifu taa, mtu anadhani amepata silaha. Hebu iweke A kando ya hoja uitazame vizuri. Taa huzimika umeme ukikatika, sawa. Lakini wizi bado umepungua kwa nusu, na hakuna neno katika A linalotuambia umepunguzwa na kitu kingine. A inazilaumu taa, ila hoja haijaguswa.

Wengine huchukua D, na hapo ndipo mtunzi wa mtihani anapompiga mtu chenga. Wizi wa mchana haukupungua: linasikika kama jambo baya kwa msemaji. Sasa fikiri. Kama wizi ungepungua mchana na usiku, tungeshuku sababu ya jumla. Labda genge limetiwa ndani, labda hali ya maisha imepata nafuu. Ukipungua usiku peke yake, saa ambazo taa zinawaka, hoja ya msemaji inapata nguvu. Aliyechagua D ameambiwa abomoe, yeye akajenga.

Jibu ni C. Vitu viwili vimeingia barabarani wiki moja, taa na polisi, na msemaji amezipa taa sifa yote bila kutueleza kwa nini. C haijathibitisha kwamba taa hazikusaidia, wala haikutakiwa kuthibitisha hilo. Swali lilitaka taarifa inayodhoofisha, na kudhoofisha ni kutia shaka palipokuwa hapana shaka.

Hoja hiyo ya taa nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya kipindi hiki, lakini maswali ya mtindo huo ndiyo yanayotawala mtihani uitwao LSAT, ambao watu wanaotaka kusomea sheria Marekani na Kanada huufanya kabla ya kuomba nafasi vyuoni. Ulifanywa kwa mara ya kwanza Februari 1948, na unasimamiwa na baraza linaloitwa Law School Admission Council, kwa kifupi LSAC. Marekani mtu hasomei sheria akitoka sekondari. Kwanza apate shahada, iwe ya uchumi, ya fizikia au ya muziki, ndipo agonge mlango wa chuo cha sheria. Waombaji wanatoka kila upande, kwa hiyo mtihani hauwaulizi sheria hata kidogo. Hakuna kifungu, hakuna kesi, hakuna katiba. Unapewa hoja, unaulizwa imesimama juu ya nini.

Tangu Agosti 2024 mtihani huo una sura mpya. Zamani kulikuwa na sehemu ya mafumbo ya kupanga: watu saba, viti saba, fulani hakai karibu na fulani, nani yuko kiti cha tatu? Watahiniwa wengi waliyatatua kwa kuchora vijedwali. Watu wasioona wakaenda mahakamani, wakasema mafumbo yale yanawabana wao isivyo haki. Mwaka 2019 pande zikapatana nje ya hukumu, na baraza likaahidi kutafuta njia nyingine ya kupima fikra. Mafumbo yakaondolewa. Leo sehemu zinazohesabiwa alama ni tatu: mbili za kupima hoja, moja ya kusoma na kuelewa. Kuna ya nne isiyohesabiwa, ambayo baraza hujaribia maswali mapya, na mtahiniwa haambiwi ni ipi kati ya hizo nne. Kila sehemu ni dakika 35.

Sehemu ya hoja huwa na maswali 25 hivi. Piga hesabu: dakika moja na sekunde 24 kwa kila swali, humo humo usome, ufikiri na uchague. Alama huanzia 120 na kuishia 180. Jibu la makosa halikatwi alama, kwa hiyo ukiona muda umekwisha, jaza yote yaliyobaki, hata kwa kubahatisha.

Ndugu zetu wa Uganda hawauonei ajabu mtindo wa kupimwa kabla ya kuingia, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Makerere kimewahi kuwapa mtihani wanaoomba kusomea shahada ya sheria. Uingereza wana LNAT, India wana CLAT. Leo nimeshika LSAT kwa sababu umetoa nafasi kubwa sana kwa hoja tupu, na kwa sababu wapo vijana wa Kiswahili huko Minneapolis, Dallas na Toronto wanaoupigia msuli usiku baada ya kutoka kazini. Wapo pia waliopo hapa nyumbani na wanaojiandaa kwenda. Hao ndio nataka kuwaambia jambo moja.

Jambo lenyewe ni kwamba mazoezi mengi ya mtihani huu yanapotea bure. Kijana anafanya maswali 60 kwa siku, anasahihisha, anapata 38, anaandika 38 kwenye daftari, analala. Kesho 60 mengine. Mwezi unapita, alama ziko palepale, naye anaanza kusema hana kichwa cha mtihani. Kichwa anacho. Ila yale 22 aliyokosa kila siku hakukaa nayo hata dakika tano, na mafunzo yote ya siku yalikuwa humo.

Tuone maana ya kukaa na swali. Sisi Waswahili tunasema dalili ya mvua ni mawingu, na ni kweli, hakuna mvua isiyo na mawingu. Sasa msikilize mtu huyu: hakuna mvua bila mawingu, leo mawingu yametanda, kwa hiyo leo mvua itanyesha. Unaona kasoro yake? Kila mkulima anaiona. Mawingu hutanda, upepo ukayachukua, na mahindi yakabaki na kiu. Mawingu ni sharti la mvua; hayatoshi kuileta.

Hapo ni rahisi kwa kuwa mambo ya mvua tunayajua. Mtihani hautakupa mvua, utakupa kitu kama hiki: hakuna kampuni inayopata kibali cha kuagiza dawa bila ghala lililokaguliwa, kampuni ya Baraka ina ghala lililokaguliwa, kwa hiyo itapata kibali. Ukisoma haraka, unaona maneno ya maana, ghala, ukaguzi, kibali, na mwisho unaonekana wa haki. Lakini yavue maneno hayo. Yanayobaki ni mawingu na mvua. Ghala ni sharti, na huenda yapo masharti mengine kumi ambayo Baraka haijayatimiza.

Halafu mtihani unakugeuzia swali kwa namna ya tatu: ni hoja ipi kati ya hizi tano yenye kasoro inayofanana na hii? Hapo wasiofanya mazoezi vizuri hutafuta hoja nyingine inayotaja kampuni au dawa. Mtunzi amewawekea moja makusudi, tena nzuri kabisa, isiyo na kasoro yoyote. Jibu sahihi linazungumzia mambo mengine kabisa: hakuna mwanafunzi anayecheza timu ya shule bila ruhusa ya mzazi, Neema ana ruhusa ya mzazi, basi Neema atacheza. Mada zimeachana, kosa ni lilelile. Mtu aliyefanya swali la kibali akalikosa, akasoma jibu na kupita, kesho atakosa la timu ya shule. Aliyekaa nalo mpaka akasema kwa kinywa chake, "Hapa amechukua sharti akaligeuza kuwa ahadi," huyo ameshapata maswali yote ya ukoo huo.

Sasa chukua kalamu tena, twende kwenye hoja ngumu kidogo. Nayo nimeitunga, na hesabu zake ni za kubuni. Miaka mitatu iliyopita, mkoa mmoja ulikuwa na madereva wa bodaboda 2,000 wenye leseni. Leo wako 5,000. Kwa hiyo abiria wa bodaboda katika mkoa huo wako salama zaidi leo kuliko miaka mitatu iliyopita.

Swali hili halikuulizi kudhoofisha. Linakuuliza: ni dhana gani ambayo hoja hii haiwezi kusimama bila yake? Dhana ni jambo ambalo msemaji hakulitamka, ila amelichukua kuwa kweli. Nitakupa mawili tu, uchague. La kwanza: leseni ndicho kitu pekee kinachomfanya dereva wa bodaboda awe salama. La pili: madereva wasio na leseni hawakuongezeka mkoani humo kwa kasi kubwa kuliko wenye leseni.

La kwanza lina sauti nzito. Linataja leseni, linataja usalama, linaunganisha vyote viwili. Lakini neno "pekee" linaliponza. Msemaji halihitaji. Anaweza kukubali kwamba kofia ngumu zinasaidia, breki nzuri zinasaidia, barabara nzuri inasaidia, na bado akashikilia kwamba leseni nazo zimeleta unafuu. Jibu linalodai mengi kuliko hoja inavyohitaji ni mtego wa kila siku katika swali la dhana.

Jipimie la pili kwa njia hii: ligeuze liwe kinyume, kisha uone kama hoja itabaki wima. Tuseme wasio na leseni waliongezeka kwa kasi kubwa zaidi. Tuseme zamani walikuwa 2,000, na leo wako 15,000. Wakati ule, kati ya bodaboda 4,000, nusu ya madereva walikuwa na leseni. Leo, kati ya bodaboda 20,000, wenye leseni ni robo. Abiria anayenyoosha mkono kando ya barabara ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubebwa na asiye na leseni, ingawa wenye leseni wameongezeka zaidi ya mara mbili. Hoja imeanguka. Kitu ambacho ukikikanusha hoja inaanguka, hicho ndicho ilichokuwa imekiegemea. Jibu ni la pili.

Angalia pia kwamba msemaji hakusema uongo. Hesabu zake zote zinaweza kuwa sahihi. Tundu liko kati ya hesabu na hitimisho: ametuhesabia watu, akahitimisha juu ya uwiano. Siku ukilizoea tundu hilo, utalikuta kwenye matangazo ya biashara, kwenye ripoti za ofisi, na kwenye hotuba.

Basi mazoezi yafanywe vipi? Nitataja utaratibu ambao watahiniwa wa huko wanaujua, na ambao kwa maoni yangu unafaa kwa mtihani wowote wa aina hii. Fanya sehemu moja, maswali 25, kwa muda wake uliopangwa, bila kusimama. Kila swali ulilolijibu kwa wasiwasi, liwekee alama pembeni. Muda ukiisha, usifungue majibu. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, maana hamu ya kujua matokeo ni kubwa. Jizuie. Rudia maswali yote uliyoyawekea alama, sasa bila saa, hata kama moja litakula robo saa. Andika jibu lako la pili kando ya la kwanza. Ndipo usahihishe.

Sasa una habari tatu badala ya moja. Ulipokosa mara ya kwanza ukapata mara ya pili, uelewa unao, kilichokukwamisha ni muda. Ulipokosa mara zote mbili, hapo kuna jambo hulijui bado, na hata upewe siku nzima hutalipata. Hilo ndilo la kulitafutia mwalimu au mwenzako. Ulipopata mara ya kwanza ukalibadilisha na kukosa, jua kwamba unajishawishi kwa maneno mengi. Kila kasoro ina dawa yake. Anayekosa kwa kutokuelewa, akaambiwa aongeze kasi, anafundishwa kukosa upesi zaidi.

Kisha weka daftari la makosa. Kwa kila swali ulilokosa, andika sentensi mbili kwa maneno yako. Moja: kwa nini jibu nililochagua lilinivuta? Mbili: kwa nini si sahihi? Usiandike "sikuwa makini." Hiyo haina msaada. Andika "lilitaja maneno yaleyale ya hoja nikadhani ndilo," au "lilikuwa kweli katika maisha, ila hoja haikulisema," au "lilisema wote na hoja ilisema baadhi." Baada ya wiki tatu soma daftari hilo mwanzo mpaka mwisho. Utagundua huna makosa mia. Una manne au matano, yanakuja yamebadili nguo.

Lile la katikati, la jibu lililo kweli katika maisha, nataka nilisemee zaidi, kwa sababu ndilo linalowaangusha watu wenye akili na uzoefu. Muuguzi akipewa hoja kuhusu vyandarua, kichwa kinajaa aliyoyaona wodini. Mkulima akipewa hoja kuhusu mbolea, anaijibu na shamba lake. Ujuzi wao ni mali, lakini mtihani hauuombi. Unasema: chukua taarifa hizi kuwa kweli, je, hitimisho linafuata? Kuna maswali yanayouliza ni jambo gani lazima liwe kweli kutokana na yaliyosemwa. Hapo jibu sahihi mara nyingi ni dogo, limepooza, halina mvuto, linasema "angalau mmoja" pale ambapo wewe ungependa liseme "wengi." Lichague hilo hilo dogo. Wakili naye ndivyo anavyobanwa mahakamani: jaji anaamua kwa ushahidi ulioletwa mbele yake, na kila mtu mtaani anaweza kuwa anamjua mwizi bila jambo hilo kuingia katika jalada.

Kuhusu lugha, vijana wengi wa kwetu walioko Amerika ya Kaskazini Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu, na mtihani umeandikwa kwa Kiingereza kigumu cha makusudi. Sitasema ni jambo dogo. Saa inapokimbia, kusoma polepole ni hasara. Lakini tuzitenganishe kazi mbili. Kufahamu sentensi ni kazi ya lugha, na dawa yake ni kusoma makala ndefu za Kiingereza kila siku, za sayansi, za historia, za sheria. Kuona tundu la hoja ni kazi nyingine, nayo haina lugha ya kwao. Ukimaliza swali, mweleze dada yako au mama yako kwa Kiswahili: huyu amesema hivi, akahitimisha hivi, na tundu ni hapa. Mama akikuuliza, "Mwanangu, mbona hilo halifuati?" na ukashindwa kumjibu, rudi kwenye swali, hujalielewa. Mazoezi ya namna hiyo hayana ada.

Nagusa ada kwa sababu fedha zina nafasi yake hapa. Tuisheni ya mtihani huu huko Marekani ni biashara kubwa, na mwenye nacho hununua mwalimu wa peke yake. Wako wanaosema kwa hiyo mtihani unapima mfuko wa mzazi, na ubishi huo umefika mbali. Mwaka 2022 baraza la chama cha mawakili wa Marekani linaloshughulikia elimu ya sheria lilipitisha kwamba vyuo visilazimishwe tena kudai mtihani wa kuingilia. Februari 2023 mkutano wa wajumbe wa chama hicho ukalikataa pendekezo hilo. Vyuo kadhaa hupokea mtihani mwingine, uitwao GRE, badala ya LSAT. Chuo Kikuu cha Arizona kilianza mwaka 2016, Harvard ikafuata mwaka 2017. Mimi naona wanaolalamika wana haki juu ya gharama. Lakini mwenye mfuko mwepesi asikate tamaa kwa hilo, kwa sababu LSAC yenyewe, kwenye tovuti yake ya LawHub, inatoa mitihani kadhaa ya kweli iliyopita bila malipo. Mitihani minne iliyochambuliwa mpaka mzizi inamfaa mtu kuliko arobaini iliyokimbiliwa.

Na wewe msikilizaji usiye na mpango wa kusomea sheria, usione tumekuacha nje. Turudi nyumbani kidogo. Mwaka 2022 Tanzania ilitikiswa na matokeo ya Shule ya Sheria, ile inayowaandaa wahitimu wa shahada ya sheria kuwa mawakili. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Nchi nzima ikawa na jibu. Mmoja akasema vyuo vikuu vinatoa wahitimu dhaifu. Mwingine akasema walimu wa pale wanakomoa. Wa tatu akasema vijana wa siku hizi hawasomi. Waziri husika akaunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe ili ichunguze.

Sitaki leo kuamua nani alikuwa sahihi. Nataka uitazame hoja. Wote watatu walikuwa na tarakimu ileile, 26 kati ya 633, na kila mmoja akairukia sababu aliyokuwa nayo mfukoni kabla matokeo hayajatoka. Tarakimu ile peke yake haiwezi kukuambia lolote kati ya hayo matatu. Ungehitaji kujua miaka ya nyuma ilikuwaje, waliosoma chuo hiki na chuo kile walitofautiana vipi, mitihani ilisahihishwaje, masharti ya kufaulu yalikuwa yapi. Ndiyo maana inaundwa kamati. Yule aliyejifunza kuiuliza hoja ya taa, "Je, kuna kingine kilichoingia wiki ileile?" ndiye atakayeuliza hapa pia, "Kabla ya kulaumu, tumeondoa sababu zipi nyingine?"

Kuna watu watakaosema ubishi wa namna hii ni wa darasani, na kwamba maisha yanahitaji busara, hayahitaji mantiki. Siafikiani nao. Busara ya wazee wetu barazani ilikuwa imejaa mantiki. Mzee akiletewa mashtaka, aliuliza: ulimwona, au uliambiwa? Aliyekuambia, alimwona? Ng'ombe alipotea kabla ya huyu kufika kijijini, au baada? Hayo ni maswali ya kudhoofisha na ya dhana, yameulizwa chini ya mwembe bila kalamu wala saa. LSAT imeyapa herufi A mpaka E.

Basi kwa wewe unayejiandaa, nina maagizo matatu. Kesho fanya maswali kumi, si sitini. Kila ulilokosa, liandikie sentensi zako mbili. Na kabla ya kulala, mweleze mtu mmoja swali moja kwa Kiswahili mpaka akubali kwamba ameelewa. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja ndipo ufungue mtihani kamili wa kupimiwa muda. Na kwa wewe uliyekuwa ukisikiliza tu, safari hii ukisikia mtu redioni anasema "kwa hiyo," na mimi nikiwamo, msimamishe hapo na umuulize ametoka wapi.